Kitanda cha Kulishia Chatu

Chatu alikuwa hali chakula, na bado alikuwa ananenepa.

Akouélé ndiye aliyeligundua hilo. Asubuhi alipokuwa anafagia chumba alichungulia ndani ya kasha la mbao lenye wavu, akamwona mnyama kajikunja kama kata ya kubebea ndoo, na katikati ya mwili wake pana uvimbe. Uvimbe wa nyoka aliyeshiba. Na jana yake tu mumewe, Kouévi, alikuwa amemfukia nyuma ya nyumba panya ambaye chatu huyo alimkataa katakata.

"Labda tumbo limemjaa upepo," alisema Akouélé.

"Upepo una miguu?" Kouévi aliinama akaminya midomo. "Tazama hapo. Ule ni mguu unasukuma ngozi. Mke wangu, umemlisha nyoka wangu?"

"Mimi? Mimi hata nikimtazama natema mate."

Kouévi alifanya kazi kwenye shamba la chatu, nje kidogo ya mji wa Aného, wanakozalishwa wale wadogo wanaopandishwa ndege kwenda kufugwa nchi za baridi. Huko alifundishwa kulisha nyoka kama mtu anavyofundishwa sala. Panya awe amekwisha kufa, maana aliye hai hung'ata na anaweza kumtoboa chatu jicho. Asizidi unene wa nyoka mwenyewe. Apashwe moto kwenye maji, ashikwe kwa koleo ndefu, na nyoka awe peke yake ndani ya beseni lenye kifuniko, mbali na watu wanapolala na wanapokula. Akishameza aachwe atulie siku mbili, asije akatapika. Na mtu asimsogelee kabla ya kunawa kwa sabuni.

"Nyoka hajui wewe ni mke wa nani," alikuwa akimwambia Akouélé. "Anajua harufu. Mkono unaonuka panya, kwake huo ni panya."

Chatu mwenyewe hakuwa wao. Alikuwa wa Tasi Dédé, shangazi yake Kouévi, aliyefia katika chumba hicho hicho mwanzoni mwa kiangazi. Wazee wa ukoo waliwapa chumba pamoja na mnyama, kwani kwao chatu ni mtakatifu, hauawi wala hafukuzwi, na katika ukoo mzima ni Kouévi tu aliyejua kumtunza. Wakahamia, wao na binti yao mchanga, Yawa. Godoro la marehemu lilichomwa moto. Kitanda chake cha mvule kilikuwa kikubwa mno kupita mlangoni, kikabaki. Akouélé alikisugua kwa sabuni na ndimu mpaka vidole vikachubuka, lakini kila alipolaza shavu lake aliisikia ile harufu ikipanda kutoka kwenye mbao: harufu ya manyoya yaliyolowa, ya mkojo wa panya, na chini yake kitu kingine kitamutamu kama nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria.

Mchana, jua lilipokuwa kali na watu wote wa ua ule wamejilaza, alikuwa akilala pale na mwanawe. Na kila mchana, usingizi ukianza kumchukua, alisikia mtu anatafuna. Hakikuwa kishindo cha meno. Ilikuwa sauti ya ufizi, ya kinywa kisicho na jino, kinachosaga kitu laini taratibu, chap, chap, chap, karibu na sikio lake.

Siku moja aliamka na kitu kimemkwama kwenye meno. Akakivuta kwa kucha. Kilikuwa unywele mfupi wa kijivu. Akavuta mwingine. Wa tatu ulikuja na kipande cha ngozi, na kwenye ngozi ile palikuwa na kidole kidogo chenye ukucha.

Alitapika mpaka ikatoka nyongo. Alisukutua kwa maji ya chumvi, kwa majivu, kwa pombe ya sodabi ya mumewe. Hakumwambia Kouévi. Utamwambiaje mtu jambo la namna hiyo, naye akubusu tena?

Lakini panya wa kumlisha chatu, waliofugwa hai kwenye tundu la barazani, waliendelea kupungua. Kouévi alitia kufuli, wakapungua vilevile. Akouélé alikwenda jikoni kwa Da Ayoko, dada mkubwa wa Kouévi, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kumhudumia Tasi Dédé uzeeni. Alimkuta anasonga akume, ugali wa mahindi, kwa ajili ya chakula cha mchana.

"Da Ayoko, marehemu alikuwa anamlishia wapi nyoka wake?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Unauliza ya nini?"

"Niambie tu, dada yangu."

"Kitandani." Da Ayoko aliteremsha sauti, akatazama mlango. "Alimlaza kifuani kama mtoto. Mwaka ule chatu alipougua uozo wa kinywa, akawa hawezi kumeza, yeye ndiye aliyemtafunia. Panya, wifi yangu! Anatafuna kwa ufizi, anamtemea mdomoni. Siku moja nikafungua mlango, nikaona mkia unaning'inia hapa." Akagusa pembe ya mdomo wake. "Nikafunga. Sikuingia tena."

"Sasa chakula chake mwenyewe?"

"Nilikiweka mlangoni. Kila siku nilikiweka." Akaushika mwiko tena, akasonga kwa nguvu. "Nenda kamnyonyeshe mtoto, huyo analia."

Yawa hakuwa analia. Siku hizo Yawa hakulia kabisa, wala hakulitaka ziwa kama zamani.

Jioni ile Akouélé alimwambia mumewe yote: sauti ya ufizi, unywele, kidole. Kouévi hakucheka. Alizungusha koleo mikononi, akasema kwa kunong'ona, "Kesho jifanye hujui lolote. Lala kama kawaida. Nitaaga naenda kazini, halafu nitarudi nikae nyuma ya mlango."

Kesho yake ilinyesha. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo hata mtu angepiga yowe asingesikika chumba cha pili. Akouélé alilala, Yawa ubavuni, macho yake kwenye kasha la chatu. Harufu ikaja kwanza. Ikaja nzito, ikamwingia puani kama kidole. Kisha ile sauti, chap, chap, chap, na safari hii haikuwa karibu na sikio bali ndani, nyuma ya ulimi wake, na akajiona anaketi, ingawa si yeye aliyeketi, akaiona miguu yake inashuka kitandani kwa mwendo wa kikongwe, inakokota nyayo hadi barazani, na mkono wake unapapasa kufuli kama mtu anayepapasa kitasa cha nyumba yake mwenyewe, kufuli likafunguka, mkono ukaingia kwenye tundu ukatoka na panya wawili wanaofurukuta, na yeye ndani huko alipofungiwa alipiga kelele asitoe sauti, akiona kinywa chake kinafunguka, akisikia manyoya kwenye kaakaa lake, joto, shingo ndogo ikivunjika kati ya magego yake, na damu ya chumvichumvi ikimteremka kooni huku sauti ya bibi mmoja ikimwambia kwa upole, "Yangu yalikwisha yote, mwanangu. Wewe una meno mazuri."

Akarudi kitandani. Akafungua kasha. Chatu alimtambalia mapajani, akapanda kifuani, akanyoosha kichwa, na akampokea panya wa kwanza kutoka midomoni mwake taratibu, kama njiwa wanavyolishana. Wa pili Akouélé hakumpa nyoka. Alimtafuna, akamtafuna mpaka akawa uji wa mifupa na manyoya, kisha akamgeukia Yawa.

Mtoto akafungua kinywa. Hakushtuka, hakugeuza uso. Alikipanua kama kinda aliyekwisha kuzoea.

"Akouélé!"

Kouévi aliusukuma mlango akamnyakua mtoto. Rojo likadondoka kwenye shuka. Yule chatu, aliyekuwa bado ananusa nyama, aliruka akamng'ata Akouélé mdomo wa juu, akajizungusha shingoni mwake na kubana.

"Usimvute!" Kouévi alipiga kelele, ingawa mikono yake mwenyewe ilitaka kuvuta. "Ukimvuta ataondoka na mdomo wako. Meno yake yamepinda kwa ndani. Tulia, mke wangu, tulia." Akamweka mtoto sakafuni, akaingia uvunguni akachukua chupa ya sodabi, akaimimina kidogo kidogo kwenye pembe ya kinywa cha nyoka. Pombe iliingia kwenye vidonda vya Akouélé ikamuunguza kama moto. Taya za nyoka zikalegea. Kouévi akamkunjua kwa kuanzia mkiani, akamtia kashani, akafunga.

Akouélé alikaa kwenye sakafu, damu inamchuruzika kidevuni, mdomo umejaa nywele. "Umeona?" alinong'ona. "Umeona mwenyewe? Alifungua kinywa. Si mara ya kwanza, Kouévi. Si mara ya kwanza!"

Asubuhi waliletewa mganga aitwaye Na Séwa, mama wa madhabahu ya chatu, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kiunoni na shanga hadi kwenye viwiko. Hakuvua viatu. Alinusa chumba, akatema mate, akamtazama Kouévi.

"Wewe umesoma kulisha nyoka, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hujakosea kitu. Nyoka hana kesi hapa. Mwenye njaa ni mwingine." Alinyunyiza maji na unga wa mahindi kizingitini, akamkalisha Akouélé juu ya mkeka, akamwita marehemu kwa jina lake mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeita jirani ng'ambo ya ukuta.

Akouélé alihisi mdomo wake, ulioshonwa zahanati usiku ule, unafunguka.

"Nimekuja," ilisema sauti ya bibi. "Mmepika nini?"

"Unataka nini kwa watoto hawa, Dédé?"

"Kula. Miguu ilikufa. Sahani iko mlangoni, nami niko kitandani. Naisikia harufu ya samaki. Nawasikia mbwa wanavyolamba." Sauti ikaanza kulia, na machozi yakatoka machoni mwa Akouélé. "Aliyenikaribia ni nyoka tu. Kasha lake na tundu la panya wake vilikuwa hapa, mkono ulifika. Tukagawana. Wa kwake, wa kwangu. Wa kwake, wa kwangu. Nikaita, Ayoko, Ayoko. Nikamsikia anasimama nje. Nikasikia anatema mate."

Watu wa ua walikuwa wamejaa mlangoni. Wote wakamgeukia Da Ayoko.

"Ilikuwa harufu," alisema Da Ayoko. "Jamani, ninyi hamkuisikia ile harufu. Nilijaribu. Wallahi nilijaribu."

"Hakuna anayekupiga," Na Séwa alisema. "Kapike. Akume na samaki. Kisha uje ule naye, sahani moja. Kitandani hapana, kitanda ni cha kulala. Hapa chini, kwenye mkeka, kama watu."

Sahani ililetwa inafuka moshi. Da Ayoko aliketi upande mmoja. Upande wa pili hapakuwa na mtu, kwani Na Séwa alikuwa amemvuta Akouélé pembeni na kumfunga kitambaa cheupe mkononi. Da Ayoko akamega tonge la kwanza. Alipolipeleka mdomoni, upande wa pili wa sahani ulianza kugeuka. Mchuzi ukafanya utando wa kijani. Akume ikalegea, ikatoa maji. Samaki akafunguka tumbo, na ndani yake weupe ukaanza kutambaa. Uvundo ulijaa chumba hata wanaume wawili wakatoka mbio.

"Kula," alisema Na Séwa.

"Uozo unakuja upande wangu."

"Unakuja. Kula naye. Usiinuke kabla hajashiba, ukiinuka hataondoka milele."

Da Ayoko alikula. Akouélé alimtazama akimega pale palipokwisha kuoza, akitafuna, koo likigoma na yeye akilishurutisha, machozi na kamasi vikichanganyika na mchuzi kidevuni, funza mmoja akimtembea kwenye kidole gumba naye akimlamba pamoja na tonge. Kutoka upande wa pili ilisikika sauti ya ufizi unaosaga, polepole, kwa raha. Mwishowe mkono usioonekana ukaifuta sahani, mistari minne ya vidole ikabaki juu ya udongo wake mwekundu, na mtu akateuka. Mteuko mrefu wa mtu aliyeshiba.

Baada ya hapo chumba kilinuka sabuni na ndimu tu.

Na Séwa aliondoka na chatu, kamvaa shingoni kama utepe, akipanda nyuma ya pikipiki bila kuaga. Kouévi aliita mafundi wakakikata kitanda vipande. Yawa alilia siku nzima kwa njaa, kisha usiku akaling'ang'ania ziwa la mama yake kwa pupa mpaka likamuuma, na Akouélé akafurahia maumivu yale.

Siku chache baadaye alimkuta Da Ayoko nyuma ya jiko, ameegemea ukuta. Alikuwa amekonda. Tangu siku ile hakuweza kukaa na chakula tumboni, na pumzi yake ilikuwa na uvundo ambao mswaki haukuuondoa. Wanawake wa ua walikuwa wameanza kumtengea bakuli lake.

"Wifi," aliita. "Njoo ukae hapa."

Akouélé alisimama mbali kidogo.

"Sina mtoto mimi. Unajua." Da Ayoko alimtazama kwa macho mekundu. "Nikizeeka, miguu ikinifa, nikianza kunuka, utaingia chumbani kwangu? Utakaa nami tule?"

Upepo ukageuka ukaleta pumzi yake. Akouélé alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa mdomoni. Lakini mate yakamjaa, na kabla hajajizuia aligeuza uso pembeni, akatema.