Fundi Cherehani na Kipimo cha Uongo

Kila asubuhi kabla ya shule, Sindano alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya baba yake, kisha akamtungia uzi. Jina hilo alipewa na baba kwa wembamba wake. Siku hizi baba alikuwa amekonda kuliko yeye, na utani huo haukumchekesha mtu tena.

Leo hakwenda shule. Alimsindikiza baba hospitali.

"Fundi, uvimbe huu ni saratani," daktari alisema, akiwaonyesha picha. "Ni mdogo, uko pembeni mwa figo la kushoto. Naweza kutoa figo lote, au nitoe uvimbe tu na kuacha sehemu iliyo nzima. Kutoa lote ni rahisi zaidi. Kutoa kipande ni kazi ngumu na damu huweza kuvuja zaidi, lakini unabaki na mafigo mawili."

"Toa lote," baba alijibu. "Mgongo wa shati ukiungua kwa pasi, sitii kiraka. Naufumua wote, naweka mwingine."

"Kwani una duka la mafigo, fundi?"

Baba alicheka kidogo. Sindano hakucheka.

"Wengi huishi vizuri na figo moja," daktari aliendelea, "mradi liwe zima. Vipimo vyako vya damu vinanitia shaka, na presha iko juu. Una ugonjwa wa presha?"

"Sina. Ni hofu ya makoti yenu meupe tu."

Sindano aliikodolea macho sakafu. Miaka miwili iliyopita baba alipewa vidonge vya presha, akavimeza mwezi mmoja, akaviacha. Kumwumbua baba mbele ya mgeni ni sawa na kumvua nguo. Lakini je, figo moja likiondolewa na la pili likawa bovu? Mama alikwisha kufa.

"Baba ana presha," alisema. "Ameacha dawa."

"Nani kakuuliza wewe?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Presha huchosha mafigo, fundi. Nikitoa hili lote, la pili huenda likashindwa, uishie kusafishwa damu kwa mashine. Tutatoa kipande."

Wiki nzima baba hakumsemesha.

Upasuaji ulichukua saa nyingi, na baba alipoteza damu. Sindano alikaa kwenye benchi na shangazi yake, akijilaumu. Njia hiyo ngumu ilitoka kinywani mwake.

Siku ya tatu waliruhusiwa kumwona. Uvimbe wote ulikuwa umetoka na figo lilikuwa likifanya kazi, ingawa ilibidi awe anarudi kupimwa, maana saratani huweza kurudi. Uso wa baba ulikuwa rangi ya majivu.

"Nilitaka kukuchapa," alisema kwa sauti iliyokauka. "Niliona umenivunjia heshima."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Mteja akinidanganya kipimo cha kiuno chake, nitakata suruali isiyomwingia. Daktari naye hukata kwa kipimo anachopewa, nami nilimpa cha uongo. Ukimficha daktari ugonjwa, mwanangu, unajikata mwenyewe. Sema kweli, hata mimi nikinuna."

Alifumba macho kwa maumivu. Sindano alimshika mkono, akakaa hapo mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa wageni umekwisha.