Nyundo ya Shimo la Mwakiro

Asubuhi ile maji ya mtungi yalinuka chuma cha moto. Josefina akayamwaga, akaenda kuteka mengine. Nayo yakanuka vilevile.

Hakuhangaika kumtafuta mwenye kosa. Wiki iliyopita Thomas, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Gitega, alikula maharage ya Josefina siku tatu huku akipima mashimo na matanuri ya udongo ya wachimba chuma wa kale, nyuma ya shamba lake pale Mwakiro. Siku ya kuondoka akabeba nyundo ya jiwe aliyoitoa chini kabisa ya shimo kubwa. Josefina alimwonya kuwa ina mwenyewe. Mwanamume yule akacheka, akajifuta mdomo kwa kitenge cha Josefina bila hata kuomba.

"Bon, mama, iyo ni jiwe tu. Nyinyi mulikulia kambini Tanzania, munajua nini ya hii inchi?"

Josefina alimtazama kama mtu anavyotazama kinyesi cha mbuzi mlangoni.

Mchana kitu kikaanza kugonga chini ya sakafu, polepole, kama mtu anayetafuta pa kutokea. Jeska, bintiye wa miaka tisa, akaacha kula. Kucha zake zikajaa udongo mwekundu, na alipofungua mdomo ikatoka sauti ya mwanamume mzee, kavu, yenye kikohozi kirefu baada ya kila neno, hata kuku wakaukimbia ua.

Mwalimu Shafii, anayewasomea dua wenye majini, akaletwa kutoka Muyinga mjini. Alisoma mpaka shati likalowa.

"Unataka nini kwa mtoto huyu?" akanong'ona.

"Nyundo yangu."

Josefina akampigia Thomas, akamweleza. Thomas akacheka tena, akakata.

Basi Josefina akapiga magoti mbele ya bintiye. "Hapa unapoteza muda," akamwambia jini. "Aliyeichukua anaitwa Thomas. Yuko Gitega, nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa kijani. Alituonyesha picha ya nyumba hiyo kwa majivuno."

"Mama Jeska, usimwelekeze!" Shafii akamshika mkono.

Alikuwa amechelewa. Mtoto akatapika tope jekundu, akaomba uji.

Jioni Thomas akapiga simu, analia. "Mama, unisamehe. Iyo jini iko hapa kwa mlango."

"Mrudishie nyundo yake."

"Niliiuzisha. Ilishaenda Ulaya."

Josefina akamtazama Jeska akilamba kijiko.

"Basi mwambie hivyo," akasema, akazima simu.