Sindano Aliyoiomba Mwanvua

Mguu wa kulia wa Bilkisi haunyanyuki vizuri. Akitembea, vidole vinaburuta chini. Si ajali, wala hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mdogo alipata homa, akachomwa sindano ya takoni, nayo ikaumiza mshipa wa fahamu.

Mama yake, Mwanvua, anauza vitenge sokoni Kolwezi. Asubuhi moja mdogo wake Bilkisi, Fadhili, aliamka mwili ukiwaka. Baba yao, Iddy, alikuwa njiani kwenda Dilolo na lori. Akasema kwenye simu:

"Mupeleke kwa Dokta Modeste. Atobole shindano moja ya nguvu, inaisha."

Mwanvua alikwenda na watoto wote wawili. Aliogopa homa, na aliogopa sindano.

Zamani kwa Dokta Modeste, kila mwenye homa alitoka amechomwa. Hakupima mtu damu. Watu walimpenda kwa hilo. Wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi walitaka kurudi shimoni upesi, na daktari wa vidonge walimwona hajui kazi.

Siku hiyo mchimbaji mmoja alitoka akifoka.

"Dokta gani huyu? Nakuya na homa, ananipatia vidonge! Vidonge hata bibi yangu anauza!"

"Basi bibi yako akutobole!" mtu akamjibu, na foleni yote ikacheka.

Ndani, daktari alimtoboa Fadhili kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha malaria. Wakangoja. Kisha akasikiliza kifua.

"Palu hayiko, mama. Kifua kiko muzuri. Ni mafua tu."

"Na shindano?"

"Hapana."

"Dokta, mutoto anawaka hivi! Akinifia mu nyumba?"

Bilkisi alikuwa ameshika mkono wa mdogo wake.

"Mama," akauliza, "naye bataharibu muguu yake?"

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele ya msichana.

"Bilkisi, ile siku ya homa yako sikukupima. Mama alilia shindano, na mi nilikuwa natobola kila mutu. Niliogopa nikikataa, batu bataenda kwa mwengine. Lakini dokta nilikuwa mi."

"Na mama nilikuwa mi," Mwanvua akasema taratibu.

Daktari akampa chupa ya dawa ya homa, akamwonyesha alama ya kipimo kwenye kifuniko chake.

"Usizidishe hapa. Umupe kunywa mara kwa mara. Mafua inaisha yenyewe. Lakini akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akishtuka-shtuka ao akipumua mbio, umurudishe palepale. Shindano iko na kazi yake. Kazi yake si mafua."

Mwanvua alifanya hivyo. Homa ikashuka. Iddy aliporudi, Fadhili alimpokea barabarani akikimbia.

"Unaona?" Iddy akasema. "Shindano ilikuwa ya nguvu!"

"Hakuna shindano, baba Bilkisi. Balimupima kwanza."

Iddy akamtazama mwanawe. Halafu akamtazama Bilkisi, aliyekuwa akiosha viatu vyake. Cha kulia kilikuwa kimelika mbele, kwenye vidole.

Fadhili aliugua mafua. Yalichukua chupa ya dawa, maji ya kunywa na usingizi wa mama yake.

Bilkisi naye, ile siku, huenda aliugua mafua tu. Yalichukua mguu mmoja.