Aliyeitikia Nyuma ya Ukuta

Wifi yangu Evelyn alikuwa na mdomo mwepesi, na kwenye rozari ndiyo usiseme. Jumuiya yetu pale Rhotia tulisali kila Alhamisi mchana, nyumba kwa nyumba. Mmoja anaongoza nusu ya kwanza ya Salamu Maria, wengine wote tunaitikia nusu ya pili. Evelyn akiongoza, alikuwa anaanza nyingine kabla sisi hatujafika Amina. Mwaka ule wa mvua za El Nino, mwenyekiti wetu Mama Katarina akamwambia mbele ya watu, "Taratibu, mwanangu, hatukimbizwi." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana ilichekesha kweli. Evelyn akakunja rozari yake, akamshika mwanawe Anneth mkono, akaondoka.

"Mungu hana jumuiya," aliniambia jioni akichambua maharage. "Nitasali kwangu."

Nikamwacha asuse. Nilijua atarudi mwenyewe.

Hakurudi. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu, kwa hiyo nilimsikia kila mchana akisali chumbani, mbio mbio, huku mumewe, kaka yangu Edgar, akiwa porini na watalii wake. Halafu siku moja nikasikia anaitikiwa. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka, ikitokea nyuma ya nyumba ambako hakuna kitu ila korongo. Nikadhani Edgar amerudi. Gari lake halikuwepo.

"Nani yule anakuitikia?" nilimuuliza.

Akatabasamu kama mwali aliyeposwa. "Wifi, nimepewa malaika. Anaitikia vizuri kuliko nyie wote."

"Umemwona?"

"Malaika haonwi."

Nikamwambia amwite katekista Hhando aje aione nyumba. Akanifungia mlango usoni. Mimi nami si mtu wa kubembeleza, nikasema shauri lake.

Haukupita muda mrefu, mbuzi wake wa maziwa akaokotwa chini ya ukuta ule wa nyuma. Shingo ilikuwa imesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Evelyn akaanza kujifunika kanga mpaka shingoni hata juani. Siku tuliyokutana bombani alinyanyua ndoo, kanga ikateleza, nikaona mgongo wake. Ulikuwa umechanwa kwa fimbo, michirizi mipya juu ya ya zamani. Edgar alikuwa Serengeti wiki nzima.

"Nani amekufanya hivi?"

Alitazama kwanza kuelekea nyumbani. Ndipo akanong'ona. "Nikinyamaza anapiga."

"Njoo Alhamisi. Tafadhali, Evelyn."

"Hataki nitoke."

Alhamisi hiyo ukungu ulishuka kutoka Ngorongoro tangu asubuhi. Mchana ulipofika nilikuwa siuoni hata ua wa minyaa. Nilikuwa najifunga kitambaa niende kwa Mama Katarina, nikamsikia Evelyn. Sauti ilikuwa imekauka, inakwaruza. Ikakatika. Kukawa kimya. Kisha nikasikia kitu kinapigwa sakafuni, na Anneth akapiga yowe.

Niliusukuma mlango kwa bega.

Evelyn alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, damu imemjaa mgongoni, inadondoka sakafuni. Anneth alikuwa amelala kifudifudi karibu na ukuta wa nyuma, mkono mmoja umenyooka mbele. Hakuna aliyeushika. Evelyn akakohoa, sala ikakatika, na mtoto akaburutwa. Niliona kwa macho yangu. Aliburutwa kwa ule mkono, uso unasugua saruji, mpaka kichwa kikagonga ukuta. Evelyn akadaka sala. Mtoto akatulia. Nyuma ya ukuta ile sauti ikaitikia, taratibu, kama mtu anayekula chakula kitamu.

Nilimrukia Anneth. Nikamvuta. Mkono haukuachiwa. Bega likalia, nikaogopa litang'oka. Kitu kikanipiga sikioni, nikaanguka. Nikajaribu kuitikia mimi badala yake, lakini ile sauti ya ukutani ilipanda juu ya yangu, nikapigwa tena, mdomo ukajaa damu.

"Jumuiya," Evelyn alinong'ona katikati ya sala mbili. "Kimbia, wifi."

Kumwacha mtoto pale ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilikimbia kwenye ukungu, nikianguka, nikiinuka. Kwa Mama Katarina walikuwa ndiyo wanaketi. Nilisema neno moja tu, "Anneth anauawa." Mama Katarina hakuuliza kitu. Alitoka bila viatu. Wote wakamfuata, wameshikana nguo wasipotezane, na rozari wameshaianza njiani.

Hhando alitangulia kuingia. Alinyanyuliwa, akabamizwa kwenye mwimo wa mlango. Mkono wake ulivunjika, sote tuliusikia. Alilia kama mtoto, na huku analia akaendelea kuitikia.

Mama Katarina alipita pembeni yake, akapiga magoti kwenye damu, akamkumbatia Evelyn.

"Nyamaza sasa, mwanangu. Niachie mimi."

"Nikinyamaza atamuua."

"Tupo."

Evelyn akanyamaza.

Pigo lilimpata Mama Katarina mdomoni. Alitema meno, akaongoza sala inayofuata kwa mdomo unaotoka damu. Pumzi ilipomwishia, Hhando akaidaka. Hhando alipigwa tumboni, akaidaka mama mmoja aliyekuwa mlangoni, naye alipoangushwa, nikaidaka mimi. Kitu kile kilipita kati yetu, kinapiga mmoja mmoja, kwenye mbavu, kwenye uso, na kila aliyeanguka alikuta aliye kando yake ameshaendelea. Mtu peke yake, hata awe mwepesi vipi, lazima avute pumzi. Sisi hatukuwa na mwanya. Nilikuwa nakwenda jumuiya kwa ajili ya umbea, sifichi, lakini mchana ule niliwapenda watu wale kuliko ndugu zangu wa damu.

Sauti ya nyuma ya ukuta ikaanza kuharakisha. Ikachelewa. Ikaachwa nyuma, ikawa inaitikia peke yake sala ambayo sisi tumeshaimaliza. Kisha ikanguruma. Ukuta ukapigwa kutoka nje, lipu ikamwagika juu yetu, ukapigwa tena, na tena.

Mkono wa Anneth ukaanguka sakafuni. Nikamvuta kifuani kwangu. Alikuwa anapumua.

Hatukunyamaza mpaka ukungu ulipoondoka.

Edgar aliporudi Jumamosi, alizunguka nyuma ya nyumba pamoja na Hhando aliyefungwa bandeji. Baadaye wakatuita. Chini ya ukuta, kwenye mwamba mtupu, kulikuwa na mashimo mawili ya magoti, makubwa, yamelainika kama jiwe la kusagia. Mtu angehitaji maisha mengi kupiga magoti pale mpaka mwamba uchimbike hivyo. Pembeni yake yalikuwepo mengine mawili. Madogo.

Mama Katarina alimwita Anneth, akampandisha gauni kidogo. Magoti ya mtoto yalikuwa na sugu, nene, za kijivu, kama za bibi aliyesali miaka sabini. Anneth alikuwa na miaka minne.

"Mama akilala mchana, yule wa ukutani ananiita," alisema. "Ananifundisha kuitikia."

Evelyn alimbeba Anneth, akamwondoa pale ukutani.

Edgar alikoroga zege, akayaziba yote manne mchana uleule. Tulilala kwangu, Anneth kati yangu na mama yake, mlango nimeufunga mwenyewe. Asubuhi tukaenda kutazama. Yale makubwa yalikuwa yameziba, zege limekauka vizuri. Yale madogo yalikuwa wazi. Mama Katarina aliinama, akaingiza kiganja katika shimo moja, akakaa nacho humo kwa muda.

"Lina joto," alisema, "kama mtu ameinuka sasa hivi."