Video ya Babu Iliyopoteza Sauti

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake na kupiga deki sebule, Mhandisi aliruhusiwa kutumia kompyuta ya mama yake. Binti huyo wa miaka kumi na miwili alipewa jina hilo la utani siku alipotengeneza rimoti iliyokufa. Tangu hapo sifa zilianza kumpanda kichwani.

Jumamosi hiyo bibi yake alikuwa anakuja kutazama video ya marehemu babu. Ilirekodiwa kwa kamera ya zamani, na televisheni haikuweza kuisoma mpaka ibadilishwe muundo.

"Ukimaliza kuibadilisha, itazame yote mpaka mwisho," mama alimwambia huku akitunga uzi kwenye cherehani. "Na ile ya asili usiiguse."

"Hiyo kazi ndogo, mama."

Mhandisi alichagua faili, akabonyeza, akasubiri. Ilipofika asilimia sitini, kompyuta ikagoma: nafasi imejaa. Akaufuta mchezo wake wa mbio za magari, kazi ikaendelea hadi mia. Alipoifungua video mpya, alimwona babu kwenye kiti cha plastiki, anatabasamu. Spika alikuwa amezizima ili asimsumbue mama. Akatazama sekunde chache, akaridhika. Kisha, ili apate nafasi ya kuurudisha mchezo wake, akaifuta video ya asili moja kwa moja.

Alipoijaribu video mpya kwenye televisheni, midomo ya babu ilicheza lakini hakusikika. Akaongeza sauti hadi mwisho. Kimya.

"Nitasema kamera ndiyo ilikuwa mbovu," aliwaza. Nani angejua?

Bibi akafika, akaketi, akafuta miwani yake kwa ncha ya kanga. "Picha zake ninazo tele, mjukuu wangu," alisema. "Leo nimekuja kumsikia."

Mhandisi alitazama chini. Akauacha uongo aliouandaa.

"Bibi, sauti haipo. Nimeiharibu mimi. Na ile ya asili nimeifuta."

Cherehani ikanyamaza. Mama akauliza taratibu, "Tangu uifute, umeweka kitu kingine humo?"

"Bado. Nilitaka kurudisha mchezo."

"Usiguse chochote."

Mama akaizima kompyuta, akaibeba. Wote watatu wakaenda kwa fundi wa kompyuta, mtaa wa pili. Fundi huyo, mwanamke, alimsikiliza Mhandisi bila kumkatiza, akachomeka nyaya zake, akaanza kutafuta. Saa nzima walikaa kwenye benchi.

Mara ikasikika sauti nzito yenye mikwaruzo: "Mama watoto, chai yangu iko wapi?"

Bibi akacheka huku machozi yakimtoka. "Nilishampa. Aliisahau dirishani, kama kawaida yake."

Mhandisi akamshika mkono. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Acha nimsikilize kwanza."

Fundi aligeuza kiti. "Ukifuta faili, haliondoki papo hapo," alimweleza Mhandisi. "Kompyuta inapahesabu mahali pake kuwa patupu, na kitu kipya kikiwekwa hapo, cha zamani hakipatikani tena. Ungenyamaza, ukarudisha mchezo wako, leo ningewapa pole tu."

Waliporudi nyumbani, Mhandisi alianza upya. Safari hii aliwasha spika, akachagua mpangilio unaobeba picha pamoja na sauti, akatazama dakika zote ishirini na mbili. Video ya asili akaihifadhi mahali pawili.

Mama alisimama nyuma yake mpaka video ikaisha.

"Kipaji unacho, mwanangu," alisema. "Lakini leo uliiacha kazi kabla ya kuikagua, ukajiambia imekwisha. Hilo lirekebishe. Na siku nyingine ukikosea, njoo useme mapema kama ulivyosema leo, wakati bado tunaweza kukusaidia."