Hakuna Aliyeumia

"Dada, haya magimbi ni ya kula au ya kujengea ukuta?"

Ateca aliinua macho. Ijumaa asubuhi soko la Suva halina hata pa kupumulia, na mbele ya meza yake lilisimama jitu la mabega mapana, shuka ya sulu ya kijivu kiunoni imenyooshwa kwa pasi, Biblia kwapani.

"Ni ya wacheza raga wanaojifanya wahubiri," alijibu. "Dola tano fungu. Kama hununui, usishikeshike."

"Kumbe wanijua!"

"Nani asiyekujua, Peceli? Jumamosi unabwaga watu, Jumapili unawahubiria."

Peceli alicheka, akanunua mafungu matatu na kuondoka na namba ya simu. Jioni ile ile akapiga.

"Magimbi yako yamenivimbisha tumbo."

"Liombee, si we mtu wa Mungu?"

"Njoo tuliombee wote, malaika wangu."

"Malaika gani ananuka matope? Nitolee uongo wako huko!"

Lakini hakukata simu. Miezi minane walipendana, na sisi tulioimba nao kwaya tulishaanza kushona nguo za harusi, maana wambea hatukosi haraka. Hofu ilikuwa moja. Sailosi, kaka yake Ateca, alichezea timu ya wapinzani.

"Mkikutana fainali je?" Ateca aliuliza.

"Nitambwaga kwa upendo."

"Mjinga wewe."

Wakakutana kweli. Dakika ya mwisho Sailosi alichomoka na mpira pembeni, Peceli akamvaa kiunoni, kihalali kabisa, refa hakuona kosa. Sailosi akaangukia shingo. Hakuinuka tena, na miguu yake haikusogea.

Filimbi ya mwisho ilipolia, vijana wa timu zote mbili walipiga magoti katikati ya uwanja, wameshikana mabega, kama tunavyofanya siku zote, tushinde tushindwe. Kuomba ilikuwa kazi ya Peceli. Akapewa kipaza sauti, kichwa kinamzunguka. Tangu utotoni alikuwa na sala moja ya baada ya mechi, na mdomo ukaitoa wenyewe: "Asante Baba, umetulinda sote, hakuna hata mmoja aliyeumia."

Machela ilikuwa bado haijatoka getini. Ateca alikuwa anaikimbilia, gauni lake la maua limeraruka kwenye uzio. Alisikia kila neno.

Ulimi hauna mfupa. Wiki nzima Peceli alipiga simu, haikupokewa. Sailosi aliporudishwa nyumbani, wazee wa Peceli walibeba jino la nyangumi, wakaketi chini mlangoni kwa mzee Kitione, baba yake Ateca, kuomba msamaha. Kwetu jino likishapokelewa, jambo limezikwa, hakuna wa kulifukua. Mzee alilipokea huku analia. Naye Sailosi akaita toka kitandani, "Pece, acha kulia bwana! Ulinipiga kihalali. We cheza, nataka nikuone kwenye runinga."

Wote walisamehe. Ateca alimfuata Peceli uani.

"Mpenzi, nataka kukuposa," Peceli alisema. "Raga naacha, nakuapia."

"Usiache. Kaka kakuomba ucheze."

"Basi niambie nifanye nini."

"Kumbwaga nilikusamehe palepale. Lakini ulimwambia Mungu hakuna aliyeumia, Pece. Kaka yangu kalala kwenye machela, na kwenye sala yako hayumo."

"Ni mazoea tu. Sikufikiri."

"Najua. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Utaombea chakula chetu, utaombea watoto wetu, na mimi nitakaa nasikiliza kama kweli upo."

Safari hii Peceli hakuwa na neno lililokwisha kutayarishwa.

"Nakupenda, Ateca."

"Na mimi nakupenda. Nenda, usinifanye nilie mbele ya wazee wako."

Aliporudi ndani, saa ya kumgeuza Sailosi ilikuwa imefika. Alimlaza ubavu wa kushoto, akampangia mito mgongoni.

"Ameshaondoka shemeji?"

"Ameondoka."

"Sasa harusi lini? Hata kwenye kiti cha magurudumu nitaimba, mtanikoma!"

"Tutaona, kaka."

Akasimama nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo shingo ile haikuweza tena kugeukia, akalia bila sauti. Sailosi aliendelea kuchagua nyimbo za harusi.