Ujumbe Uliokwama kwenye Foleni

Rafiki yangu ni fundi kompyuta, mtu asiyetishika ovyo. Mchana mmoja aliingia chumba cha seva kukagua barua pepe zilizokwama. Seva ikishindwa kufikisha ujumbe huuweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Ikichoka, humrudishia aliyeutuma.

Mara umeme ukakatika, mlango wa chuma ukajifunga, kha! Giza totoro. Simu alikuwa ameiacha mezani ofisini. Seva tu ilinguruma kwa betri. Akaiwasha skrini, akamwandikia mwenzake wa kazini: “Nimefungiwa, njoo unifungulie!” Mtandao nao umekufa, ujumbe ukaingia foleni. Akabamiza mlango mpaka mikono ikafa ganzi.

Hatimaye mwenzake akasikia, akamfungulia huku akicheka. “Pole, bwana! Umelowa kama umetoka kuoga.” Wakaufunga mlango, wakaenda zao.

Kesho yake walikuwa wanakunywa chai, simu ya mwenzake ikalia: ule ujumbe umefika. Wakacheka. Ikalia tena. Safari hii mwenzake hakucheka. Alimsogezea simu taratibu, bila kumtazama usoni. Anwani ya mtumaji ilikuwa ya rafiki yangu mwenyewe.

“Mbona bado nimo humu gizani? Jana ulimfungulia nani?”